Njia Unaijua

Mtaani kwetu Mbugangari tuliwapima wanaume wa Mama Mashuka kwa umbali. Aliyeishia kusindikizwa mlangoni, tulijua hatutamwona tena. Aliyefikishwa kwenye kona, pale penye duka la sabuni na vocha, huyo alikuwa bado ana nafasi. Aliyevushwa kona akapelekwa hadi barabara ya lami, tuliambiana kwamba safari hii Mama amepata. Na wale waliosindikizwa mpaka petite barrière yenyewe, kile kivuko cha mpaka wa Rwanda na Kongo, akasimama nao hadi wakapotelea kwenye foleni ya mabeseni ya nyanya na magunia ya karoti, hao walikuwa wachache, na kila mmoja alituachia maneno ya kutafuna wiki nzima.

Kwa mtu wa mbali huenda haya yakaonekana upuuzi. Lakini kwetu mgeni hatoki peke yake. Akishamaliza chai yake akasema haya, mimi naenda, mwenye nyumba anainuka naye, anatafuta kandambili, wanatoka pamoja. Njiani ndipo yanapotoka yale yaliyoshindikana kusemwa ndani. Mgeni akionekana anatoka kwa watu peke yake, kila aliye barazani anajua kuna jambo: ama wamegombana, ama wamemchoka. Kinyarwanda kina neno lake, guherekeza, na neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa bibi harusi anayepelekwa kwa mumewe na kwa maiti anayepelekwa kaburini. Si mambo ya mchezo.

Jina lake la kanisani lipo, ila yeye mwenyewe alikuwa haitikii upesi ukimwita hilo. Alikuwa akidarizi mashuka na foronya za maharusi, basi akawa Mama Mashuka, na wenye midomo michafu walilitamka jina hilo kwa namna yao. Alijua, na hakujali. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ambayo usingedhani ingeweza kutoa ua dogo namna ile kwenye kitambaa. Alikuwa amerudi kutoka Tanzania, upande wa Karagwe, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi tuliotoka Masisi na Goma alituona kama watu tunaoongea huku tunatafuna. Nikimwambia, "Mama, kuna mutu iko anakuita kule inje," hakwenda kumwona huyo mtu mpaka anisahihishe kwanza.

"Mtu, mwanangu. Mtu. Hiyo 'u' umeitoa wapi?"

"Njo tuliikuta pale, Mama."

"Irudishe ulikoikuta."

Foronya aliziuza mbilimbili tu. Ukitaka moja alikujibu kwamba ukanunue sponji, kwake ni mahali pa watu wawili. Niliwahi kumwona akimfukuza kijana mmoja aliyekuja kutafuta foronya moja kwa ajili ya chumba chake cha kupanga. Alimfukuza kwa adabu zote, na kisha akamsindikiza mpaka kona.

Ninajua mengi yake kwa sababu nyumba zetu zilikuwa zinatumia ukuta mmoja, na kwa sababu mimi ni mwanamke mwenye masikio. Kazi yangu ni kupeleka viazi na kabichi vya Busasamana ng'ambo, Goma, asubuhi, na kurudi kabla mpaka haujafungwa. Mchana nikisharudi nakaa barazani nachagua viazi vya kesho yake, na baraza langu linapakana na lake. Mtu hawezi kufumba macho anapochagua viazi.

Na mambo yake yalikuwa ya mchana. Hilo ndilo lililowachanganya watu. Wengine wakitenda dhambi husubiri giza, yeye alifungua pazia. Wanaume zake karibu wote walikuwa wa kupita: madereva, wafanyabiashara wa Goma, watu waliohamishiwa hapa kikazi na ambao wangehamishwa tena. Walikuja baada ya chakula cha mchana na wakaondoka na jua. Siku moja nilimuuliza, maana tulikuwa tumezoeana kiasi cha kuulizana, kwa nini asitafute mtu wa usiku kama wanawake wengine.

"Usiku mtu analala," alinijibu. "Mimi sijawahi kuogopa kulala peke yangu. Naogopa kunywa chai peke yangu."

Alikuwa anasema kweli. Chai yake ilikuwa na saa yake, saa kumi, na vikombe viwili vya udongo vyenye mistari ya kijani. Barrière ilipoanza kufungwa mapema, alirudisha chai nyuma hadi saa nane ili watu wa Goma wawahi. Sijui mtu mwingine aliyebadilisha maisha yake kwa sababu ya saa za mpaka bila kuuza kitu chochote. Hakuchukua fedha za mwanaume, wala kitenge, wala soda. Alichowaomba ni kazi ndogondogo za ndani: msumari, bawaba ya dirisha, balbu ambayo yeye angeweza kuifikia bila hata kupanda kiti. Nilimwona akiishikilia ile balbu mpya mkononi huku mwanaume mfupi kuliko yeye akihangaika juu ya stuli, na uso wa Mama umetulia, una furaha, kama mtu anayeota moto.

Mimi nina mume. Si mtu mbaya. Anarudi kazini, anakaa nje, anasikiliza mpira kwenye simu, analala. Mama Mashuka alikuwa akituchungulia juu ya ukuta wa uani.

"Leo amekuuliza kama umekula?"

"Haniulizagi, Mama."

"Basi muulize wewe. Mtu yupo hapo, unamwacha anapoa."

Nilicheka. Sikujua kwamba alikuwa ananionea wivu wa kitu ambacho mimi nilikuwa nakipita kama stuli.

Usidhani alikuwa mtetezi wa mapenzi. Wasichana wa mtaa aliwachapa kwa ulimi. Akimwona mmoja amesimama na kijana wa moto, hizi pikipiki za abiria, ameiegemea pikipiki anachekacheka, alimwita kwa sauti ya kusikika mpaka kituo cha mabasi na kumuuliza kama kwao hakuna vyombo vya kuosha. Mmoja alithubutu kumjibu kwamba yeye je. "Mimi si wa kuigwa," akasema, "mimi ni wa kuonywa naye." Kanisani alikuwa na sauti nzuri ya chini, lakini mchungaji alimtoa kwenye kwaya akamweka benchi la nyuma, na alikaa huko bila kununa. Mchungaji huyo alikuja hata nyumbani kumshauri. Mama alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, halafu akamsindikiza kama anavyosindikizwa mgeni mwingine yeyote. Mtaa mzima ulikuwa barazani. Alipofika naye dukani akaagana naye na kugeuka, mama wa duka, ambaye hana breki, alisema kwa sauti, "Pole, Pasta. Umefika kona tu." Tulicheka wiki mbili.

Lakini nikikumbuka vizuri, vingi tulivyovicheka havikuwa vya kuchekesha.

Kulikuwa na karani mmoja wa ofisi, mjane, mtu wa mashati meupe. Walikutana kwenye umuganda, ile kazi ya mtaa ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tulipokuwa tunazibua mtaro. Alikuja mchana baada ya mchana, na alichokuwa anafanya ni kumlilia marehemu mke wake. Nilimsikia hivi hivi kupitia ukuta. Mama alidarizi huku anasikiliza, akiuliza maswali ya hapa na pale: alikuwa anapenda kupika nini, alicheka vipi. Karani alisindikizwa mpaka lami. Baada ya miezi kadhaa alikuja amenyoa vizuri, amekaa wima, akamwambia Mama kwamba amemsaidia sana, moyo wake umepona, sasa anaweza kuoa. Ameshapata msichana. Akaagiza kwake mashuka ya harusi.

Aliyashona. Maua ya bluu pembeni, na majani yake yote. Nilimuuliza anawezaje.

"Kazi ni kazi," alisema, na hakuinua macho. Siku aliyoyakabidhi hakuchemsha chai.

Na dereva wa Fuso la saruji, ambaye kila akipita alikuja kulala. Simaanishi kingine: alikaa kwenye kiti, akafungua kamba za viatu, akakoroma mpaka saa ya kuondoka. Mama alisogeza kiti chake karibu na cha dereva na kuendelea na sindano. Mimi nilikasirika kwa niaba yake.

"Mama, ule mwanaume anakuya hapa kulala tu? Hakuna hotel?"

"Ndiyo, analala tu. Lakini analala kwangu." Akakata uzi kwa meno. "Barabara yote hiyo kutoka Kigali, na usingizi anautunza mpaka afike hapa."

Yule naye alibadilishiwa njia. Hakuja hata kuaga, na sidhani kama alijua kuna kitu cha kuagwa.

Papa Radio alikuwa tofauti, na sisi wenyewe tulimwona tofauti tangu mwanzo. Alikuwa fundi wa redio Birere, ng'ambo tu pale, ukishavuka mpaka unaingia kwao. Mama alimpelekea redio yake iliyokuwa imekufa sauti, na yeye badala ya kusubiri aje kuichukua, aliileta mwenyewe. Mtu wa makamo, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alikuwa na kamchezo: akishafungua redio huweka sikio karibu, anafumba macho, anaiambia, "Sema, sema," kama mtu anayembembeleza mtoto aseme ni nani aliyempiga. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo.

Safari ya kwanza alisindikizwa mpaka barrière. Ya pili vilevile. Mama wa duka akasema hapa sasa tununue sare.

Huyu alimuuliza kama amekula. Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza kila alipoingia: "Mama, umekulaka?" Na Mama, aliyekuwa akitusahihisha sisi sote, hakumsahihisha hata mara moja. Alimwachia zile "mutu" zake na "iko" zake zote. Walikaa, redio inaongea, wanakunywa chai, wanabishana kama habari ni ya jana au ya leo. Alasiri ikikaribia, Papa Radio anaangalia mlango, anasema neno walilolisema wote kabla yake, "Barrière inafunga," na Mama anainuka kutafuta kandambili.

Hapo ndipo lilipokuwa tatizo lake lote. Nililielewa baadaye. Alikuwa amechoka kusindikiza. Miaka yote hiyo alikuwa ameinuka, amevaa kandambili, amekwenda mpaka kona, mpaka lami, mpaka barrière, na kurudi peke yake. Alitaka mtu mmoja tu asiyekuwa mgeni.

Siku moja Papa Radio alikuja na bisibisi zake. Alikuwa na za aina mbili, za dukani na nyingine ndogondogo ndani ya kipochi cha ngozi ambazo hakumwazima mtu. Alileta zile za kipochi. Alisema anatafuta kibanda upande huu, atakuwa anafanya kazi hapa, anaishi hapa, dada yake mkubwa ameshakubali. Alizitundika kwenye msumari ambao mwanaume mwingine alikuwa ameupigilia. Mama aliniambia haya kwa kunong'ona juu ya ukuta, ameshika mdomo kama msichana.

Ilipofika saa ya kuondoka nilikuwa barazani kwangu na viazi vyangu. Nilimwona Papa Radio ametoka mlangoni na koti mkononi. Akasimama. Akakohoa.

"Bon. Mi naenda, Mama."

Mama Mashuka alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha barazani na kitambaa mapajani. Hakuinuka. Alimtazama kwa macho ambayo, kama ungenilipa, nisingeweza kuyatengeneza, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Karagwe:

"Haya. Wewe nenda tu. Njia unaijua."

Papa Radio alibaki amesimama kidogo. Nilimwona anaangalia zile kandambili pale mlangoni. Halafu akavaa koti, akapita dukani ambako watu walikuwa wamejaa, akainamisha kichwa, akakata kona peke yake.

Hajafika mbali Mama akaja kwangu mbio.

"Umeona? Sikumsindikiza."

"Nimeona. Mumegombana?"

"Tugombane nini! Mwenye nyumba anasindikizwa? Mumeo akienda kazini unamsindikiza mpaka wapi?"

Nilielewa, nikapiga vigelegele palepale na viazi mkononi. Yalikuwa maneno mazuri kweli. Kwa mtu wa Karagwe, kumwambia mtu njia unaijua ni kumpa ufunguo.

Haikupita wiki, vita vikaingia Goma. Sitaki kueleza vita. Tulisikia milio usiku na mchana, mabati yakitetemeka, watu wakivuka na magodoro kichwani, wengine hawana hata viatu. Mama Mashuka alikwenda kusimama pale wanapoingilia, na hakwenda kumsaidia mtu, Mungu amsamehe, alikwenda kuangalia nyuso. Simu ya Papa Radio haikupatikana. Barrière ilipofunguliwa tulivuka pamoja, mimi na yeye. Kibanda cha Birere kilikuwa kimeng'olewa mabati, ndani hamna kitu, hata waya. Mzee mmoja aliyekuwa anafagia vioo alituambia, "Ba hapa bengi walikufa, mama. Wengine walienda. Nitajua aje?"

Mama alisikia nusu ya kwanza.

Akakaa kilio. Alishusha godoro sebuleni, akafunga kitenge kichwani, akakaa chini. Watu mwanzoni hawakujua wafanye nini, maana hatukuwa na maiti wala ndoa. Halafu mama wa duka, yuleyule asiye na breki, akaingia na kilo ya sukari, akakaa kwenye mkeka, akalia. Baada ya hapo tuliingia sote. Mchungaji alikuja, akaomba, na katika maombi yake akasema, "Mume wa dada yetu." Nilikuwa nimekaa karibu. Nilimwona Mama akiinua kichwa aliposikia neno hilo, akakiinamisha tena taratibu.

Tangu hapo akawa mjane. Kanisani alirudishwa mbele, kwenye benchi la wajane, na sauti yake ya chini ikarudi kwenye nyimbo. Waliokuwa wakimchekelea walimwamkia kwa heshima. Ule ujane ndio ndoa pekee aliyowahi kupata, na aliutunza vizuri kuliko wengi wanavyozitunza ndoa zao. Hakuleta mwanaume tena. Chai aliirudisha saa kumi, vikombe viwili, kimoja kinapoa mbele yake.

Kitu kimoja kilibadilika. Hakuna aliyetoka tena nyumbani kwake bila kusindikizwa. Hata mtoto aliyetumwa chumvi. Hata mtu wa maji aliyekuja kusoma mita. Aliinuka na kandambili zake akampeleka mpaka kona, na akiwa na nguvu, mpaka lami. Tulidhani ni utu uzima.

Miaka miwili ikapita.

Nilikuwa nimepeleka kabichi kwa mteja mmoja Goma, juu kule upande wa Katindo ambako huwa siendi. Narudi, nasikia kwenye kibanda kando ya barabara sauti ya mtu inasema, "Sema. Sema, sema." Nikachungulia. Shati lilikuwa limefungwa mpaka kifungo cha juu.

Alinijua palepale. Alinipa kigoda, akauliza habari za ng'ambo, bei ya viazi, kila kitu isipokuwa kile. Mimi sina subira.

"Papa Radio, we iko muzima, na Mama iko kule anakulilia. Kwa nini haukukuya?"

Aliweka redio chini.

"Ule mama alinifukuza."

"Alikufukuza namna gani?"

"Si we ulikuwa pale? Ulikuwa unachagua viazi. Nilimuletea vyombo vyangu vya kazi. Nikamuambia naenda. Akabaki amekaa, hakuinuka hata. Akaniambia, 'Wewe nenda. Njia unaijua.' Mutu muzima kama mi, nitoke pekee yangu kama mwizi, quartier yote wananiangalia? Nikasema bon. Nimeelewa. Nikipeleka vyombo, anaona nataka kumukalia."

"Papa. Alikuhesabu mutu wa nyumba. Ni ile ilikuwa maana yake. Mutu wa nyumba hasindikizwi."

Uso wake sitausahau. Nilimwona akiirudia ile siku kutoka mwanzo, kikombe kwa kikombe, na akifika mlangoni anasimama.

"Angenisemea," alisema mwishowe, polepole. "Si angenisemea tu."

Nyuma ya kibanda sauti ya mwanamke ikaita kwamba chakula kinapoa, na katoto kanakoanza kutembea kakatoka kamejishika kwenye pazia. Papa Radio alikapakata bila kukaangalia.

"Simu yangu waliiibaka wakati wa vita," alisema, kama kwamba nilikuwa nimeuliza. Kisha: "Bisibisi zangu, anazo?"

"Anazo."

"Mwambie..." Akafikiri. "Hapana. Wacha. Usimwambie kitu."

Alinisindikiza mpaka barabara kubwa, katoto begani. Tuliagana kama watu wa msibani. Nilimchukia njia nzima, na nilipofika mpakani sikuwa tena na nguvu za kumchukia. Alikuwa amefanya kile ambacho mwanaume yeyote wa kwetu mwenye aibu angefanya.

Mama Mashuka aliniita kwenye chai siku chache baadaye. Alikuwa amekonda, macho yake yameanza kufifia, alitunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Zile bisibisi zilikuwa mezani, kwenye kipochi chao, ndani ya foronya moja. Nilitazama ukutani, nikatazama dirishani, nikatafuta pa kuweka macho.

"Kuna kitu kinanisumbua," alisema. "Siku ile ya mwisho nilimwacha atoke peke yake. Mimi nilijua nina maana gani. Yeye je? Mtu wa Goma yule. Labda alisikia vingine."

Niligeuza kikombe changu mezani.

"Halafu najituliza. Nasema, angesikia vingine na angekuwa hai, angerudi kuniuliza. Yule hakuwa mtu wa kuondoka na neno moyoni. Angekuja hata kugombana. Hakuja, basi alikufa. Ndiyo maana najua kwamba alikufa." Akavuta kikombe chake karibu. "Wewe unavuka kila siku, mwanangu. Hujawahi kumwona? Hata mtu wa kufanana naye?"

Nilisikia maji yakichuruzika kwa jirani. Nilikuwa na ukweli mdomoni, mzima, na shati lake na kigoda chake. Nikafikiria benchi la wajane. Nikafikiria yeye akirudi nyuma ya kanisa, na mtaa ukianza kuhesabu upya: kumbe na huyu pia. Na kibaya kuliko vyote, nikamfikiria akijua kwamba mwanaume mmoja alikuwa amekuja kukaa, na ni yeye aliyemtoa, kwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kumwambia mtu.

"Sijamuona, Mama."

Hakuondoa macho.

"Na alijua," nikaongeza. "Siku ile alipita mbele yangu. Niliona sura yake. Ilikuwa sura ya mutu anatoka kwake."

"Mtu," alisema kwa sauti ndogo. Alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka nayo. "Mtu anayetoka kwake."

Tulimaliza chai. Sikuionja. Nikasema haya Mama, mi naenda, nikasimama, nikamsogezea kandambili zake kwa mguu kama nilivyozoea. Hakuinuka. Alinitazama na yale macho, yale niliyoyaona mara moja tu.

"Wewe nenda tu," alisema. "Njia unaijua."

Nikatoka peke yangu. Sikwenda moja kwa moja kwangu, nilizunguka kona ili kupata hewa kabla mume wangu hajaniona. Mama wa duka alikuwa mlangoni kwake. Aliangalia nyuma yangu, akaona hakuna anayenifuata, akaweka mkono kifuani.

"Mumegombana?"

"Hapana," nikamwambia. "Pale ni kwetu."